Wimbo wa Disko wa Bi Mwanahija

Jumapili, 6 Aprili 2025
Harusi, Zinga. Pilau nzuri, hotuba ndefu. Kwenye foleni ya kunawa nilikuwa nyuma ya Bi Mwanahija, mjane mwenye duka la vitenge Bagamoyo, ambaye natarajia kumuoa, ingawa mwenyewe bado hajajulishwa. Akasema kuna wimbo wa disko wa mwaka themanini na tano anaukumbuka nusu tu: mwanamume anaimba "usiondoke, taa bado", kisha basi. Anatamani ausikie kabla hajafa. Mwinshehe, fundi baiskeli, mgane kama mimi, akakiri haujui. Mkweli, maskini. Mimi nikasema ninao nyumbani.
Sinao.

Jumatatu, 7 Aprili
Kwa Harish, aliyeuza kaseti kabla ya kuhamia ndoo za plastiki. Nikamwimbia. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza jino limeanza kuuma lini. Mkewe Kokila akaita kutoka ndani kwamba huo ni wa filamu ya Kihindi, akauimba. Harish akakataa. Wakabishana kwa Kigujarati. Nikaondoka na ndoo.

Jumanne, 8 Aprili
Simu yangu eti hutambua nyimbo. Nimeiimbia mara nne. Mara tatu haikuambulia kitu. Ya nne ikasema ni sauti ya mvua ya kulaza watoto.
Bi Mwanahija kapiga kuulizia. Nikamwambia kanda inasafishwa. Nasikia Mwinshehe hupita dukani kwake kuzungumza. Kuzungumza tu! Mtu hana mpango wowote.

Alhamisi, 10 Aprili
Wimbo usipopatikana, hutungwa. Nimekwenda Mapinga kwa Ausi, mpiga kinanda wa maharusi. Nikampa yale maneno matatu, mengine ajaze mwenyewe. Tukirekodi, jogoo wa jirani kaingia kwenye ubeti wa pili. Tumemwacha, analeta ukale.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimeupeleka dukani. Bi Mwanahija akakaa, akafumba macho. Ubeti wa kwanza, machozi yakamlenga. Ubeti wa pili, baada ya jogoo, Ausi akaimba: "Nimekutumia meseji, mbona hujajibu?"
Bi Mwanahija akafumbua macho. Akaniuliza kwa upole, mwaka themanini na tano meseji zilipelekwa na njiwa? Nikajibu mwimbaji aliutangulia wakati wake.
Akasema ule wa kweli ndio wimbo waliocheza yeye na marehemu mumewe siku waliyojuana, na kwamba kwa dakika nzima aliniamini. Nikanunua kitenge bila kuomba punguzo. Huwa naomba.

Jumatano, 16 Aprili
Mwinshehe kaupata. Bila mashine, bila kinanda. Alimuuliza tu Bi Mwanahija siku ile alikwenda disko na nani. Na dada yake Sophia, aliyeolewa Saadani. Wakampigia. Sophia akauimba wote, akataja na bendi. Bi Mwanahija akalia, akacheka, akampikia Mwinshehe samaki wa nazi. Posa imeshakubaliwa.
Wasio na akili wana bahati zao.

Jumapili, 27 Aprili
Ndoa ya Mwinshehe. Nimehudhuria kwa sababu mimi ni muungwana na kulikuwa na biriani. Dada wa bwana harusi, Bi Kuruthumu, mjane naye, mcheshi, alinihadithia kanga ya zambarau ya marehemu mama yake. Iliungua zamani, na maneno yake anayakumbuka nusu.
Nikamwambia ninayo doti nzima kabatini.
Kesho asubuhi naenda kwa mchapaji wa fulana.