Maana Zote za Baridi

Jumatatu, 3 Juni

Siku tukufu! Mhariri Mkuu ametangaza kwamba kamusi yetu ya shule ina nafasi moja ya ajira ya kudumu. Wanagenzi tuko wawili: mimi na Nukta. Jina hilo nimempa mwenyewe, kwa kuwa kila hoja yangu huijibu kwa maneno mawili matatu, kisha hunyamaza kama mtu aliyekwisha kushinda. Kila mmoja amepewa neno la Kiingereza awafafanulie wanafunzi. Yeye kapata la mvua. Mimi nimepata “cold”, yaani baridi. Ijumaa ya wiki ijayo tutasoma kazi zetu mbele ya wakubwa, na ajira itajulikana ni ya nani.

Nukta aliuliza nitaandika maana ngapi. Zote, nikamjibu. Akasema mtoto wa shule zinamtosha nne. Maskini! Ndivyo elimu inavyokata roho.

Nyumbani, Mama hakushangilia kwa kiwango nilichostahili. Alisema nikiikosa na hii, aproni ya mjomba inaningoja buchani, tena imeshafuliwa na kupigwa pasi. Mimi! Mwenye shahada ya isimu, nikate mbavu za ng’ombe kwa msumeno!

Jumatano, 5 Juni

Nimebuni mbinu ambayo maprofesa wataionea gere: kila maana niiishi kwanza, ndipo niiandike. Leo nimeanza na ile ya mtu asiye na uchangamfu. Tangu asubuhi sikumwamkia yeyote. Sikutabasamu. Nilipoulizwa jambo, nilijibu kwa kidevu. Nilitarajia ofisi nzima iduwae, ninukuu manung’uniko yao kama mifano hai.

Hakuna aliyegundua. Mfagizi wetu alisema kwamba leo, kwa kweli, nimeamka vizuri. Eti sijamsahihisha Kiswahili chake hata mara moja.

Lakini ni ushindi! Nimethibitisha kwamba maana hii haitambuliki bila maelezo marefu. Nimeyaandika. Ni marefu. Nukta alichungulia, akasema “asiye mchangamfu” yatosha. Tulibishana mpaka chai yangu ikapoa. Nikaongeza mfano wa chai.

Alhamisi, 6 Juni

Sasa baridi yenyewe. Nilikwenda buchani kwa mjomba nikaomba kuketi ndani ya chumba cha barafu, katikati ya nyama zinazoning’inia, na karatasi zangu. Mjomba aliuliza kama jambo hili nilifundishwa chuo kikuu au nimeligundua mwenyewe. Alinipa koti zito. Nikalikataa: koti lingechafua ushahidi.

Kila baada ya muda alifungua mlango na kupenyeza kichwa. Mpwa wangu, bado tu hujaielewa? Nilimjibu, meno yakigongana, kwamba ndiyo kwanza naanza. Wateja walijipanga kunitazama. Mmoja alitaka kujua kama nami nauzwa kwa kilo.

Nilitoka vidole vimegoma kukunjuka, na sentensi moja mkononi: “Humu mna baridi.” Msomaji ataiona nyepesi. Ajaribu kuiandika humo ndani!

Jumamosi, 8 Juni

Mafua! Waingereza huyaita kwa neno hilohilo, nami nimeyapata bila hata kuyatafuta. Watafiti wengine huhangaika maktabani. Mimi utafiti umenifuata mpaka kitandani. Mama ameamuru nilale mpaka nipone. Nimemweleza kwa utulivu tofauti iliyopo baina ya mgonjwa na mtafiti. Akasema mtafiti apenge kwanza kamasi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kazini, pua ikivuja kama bomba bovu. Sisi kila ukurasa tunausoma wawili: mmoja husoma, mwenzake hufuatilia kwa kalamu. Kwa kuwa chumba ni kimoja na wote wanasoma, vichwa lazima vikaribiane hadi nywele zigusane. Kwa kazi kama yangu, mwenza mmoja ni dharau. Nikasoma na Nukta. Nikasoma na mchapaji. Nikasoma na wakubwa, mmoja baada ya mwingine, na hatimaye Mhariri Mkuu mwenyewe. Kila nilipofika kwenye maana ya ugonjwa, niliionyesha kwa vitendo. Nukta aliomba nigeuze uso. Nilimwambia ushahidi hautolewi kwa kisogo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeshinda! Nimeshinda! Mimi nimepona kabisa. Wao wameanguka mmoja mmoja. Nukta yuko nyumbani, sauti imemkauka. Mchapaji haonekani. Wakubwa waliofika ni wawili, kila mmoja kajifunika leso usoni, na kurasa zinatakiwa kiwanda cha uchapaji leo hii.

Nilisimama, nikasoma. Nilipofika kwenye mafua, Mhariri Mkuu aliinua mkono: hiyo wameielewa, niiruke. Nilipoanza kufafanua mtu asiye mchangamfu, alipiga chafya, akasema nafasi ni yangu, kwa kuwa mwenye mapafu mazima ofisini ni mimi peke yangu, mradi nikae chini. Kisha akachukua kalamu, akabakisha maana nne. Nne! Homa humpofusha mtu. Nitazirudisha zote katika toleo la pili.

Mama alipopata habari alinikumbatia. Mjomba alituma maini ya kunipongeza. Nukta amepewa mkataba mfupi na meza inayotazamana na yangu. Alinipigia simu, akasema kwa sauti ya kukwaruza: “Hongera. Umetuambukiza.” Neno hilo nimelinakili kama sifa. Hata yeye amekiri kwamba mapenzi yangu kwa lugha yanawaingia watu!

Jumatatu, 17 Juni

Meza mpya, kiti chenye magurudumu, na neno jipya: lile la Kiingereza la kuwashwa mwilini. Nukta kaandika maana mbili na kufunga jalada kabla hata ya chai. Mimi siandiki nisichokiishi.

Nimeshuka bustanini kumuuliza mtunza maua upupu unaota wapi. Alinitazama sana, akaniuliza kama kiganja kimoja kitanitosha.

Nikamwambia alete gunia. Ofisi nzima imerudi kazini, na elimu haitaki uchoyo.