Beseni la Bluu na Simu ya Mkaguzi

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mapinduzi yameanza. Nimeingia darasani na beseni la bluu, vikombe, chujio, sponji na jagi lililokatika mpini. Watoto kumi na wanane wa miaka minne, wote wametulia! Wamegundua wenyewe kwamba vikombe vitano vinajaza jagi. Kama hiyo si hesabu, sijui hesabu ni nini.

Bi Chati, mwalimu wa darasa la jirani, amechungulia kwenye mlango unaotutenganisha, akasema mtoto hujifunza akiwa amekaa. Yeye ana chati zake. Anazichora kwa kalamu za rangi, kisha anazitandaza sakafuni zikauke. Nikamwambia chati haijawahi kumlowesha mtu. Alidhani namsifu.

Mchana Mwalimu Mkuu kaniita. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Na yule binti wa fundi cherehani, ambaye miezi miwili sasa hajatoa neno hata moja shuleni, asipozungumza mbele ya mkaguzi atarudishwa nyumbani hadi mwakani. Mama yake anashinda kwenye cherehani, hana wa kumwachia. Nimesema niachiwe mimi. Mwalimu Mkuu ameguna tu.

Jumanne, tarehe 4
Beseni limepinduka. Sikulipindua mimi, niseme hilo mapema. Maji yamepita chini ya mlango, yakaenda moja kwa moja kwenye chati za Bi Chati. Irabu zote tano zimegeuka dimbwi la zambarau. Amepiga kelele hadi mpishi akaja na mwiko. Ananituhumu kwamba nimefanya makusudi. Nikamjibu ingekuwa makusudi ningeleta mabeseni mawili. Nakiri, halikuwa jibu la busara.

Nimewapa watoto sponji, tukakausha. Wamehesabu wenyewe kila sponji ilipokamuliwa: mara thelathini na moja. Bi Chati hana mtoto anayefika thelathini na moja. Nimemwambia hilo pia.

Jumatano, tarehe 5
Amri ya Mwalimu Mkuu: maji yakae uani. Sawa! Nimetoboa makopo kumi na kuyaning'iniza kwenye kamba ya nguo. Kopo la tundu moja, la matundu matatu, la matundu ishirini. Lipi litakwisha kwanza? Watoto wamebishana kama mawakili. Wamerudi kwao wameloa chapachapa. Wazazi wanne wamelalamika, mmoja ameuliza makopo nimetoboaje.

Binti wa fundi alisimama chini ya kopo la tundu moja mpaka likaisha. Midomo ilimcheza. Nimeona kwa macho yangu! Bi Chati anasema alikuwa anatafuna.

Alhamisi, tarehe 6
Somo la kuelea na kuzama. Sheria yangu: kwanza useme utabiri wako, ndipo utie kitu majini. Kizibo, jiwe, kijiko, jani, kiatu changu. Kiatu kilielea kidogo, kikabadili mawazo. Binti wa fundi hasemi utabiri, ila anatia vitu kwa vidole viwili, taratibu, kama anamlaza mtoto mchanga.

Nimempitia mama yake kibandani. Hakusimamisha cherehani. Amesema, "Nyumbani hanyamazi, mwalimu. Hapo kwenu sijui mnamfanya nini." Nimetembea kurudi na kiatu kimoja kibichi. Maneno yale yameniuma, siwezi kuficha. Nikaapa kwamba kesho beseni litakuwepo darasani, amri au hakuna amri.

Ijumaa, tarehe 7
Mkaguzi kaja na tai na faili. Nimetoa beseni chini ya meza. Mwalimu Mkuu akanitazama vibaya. Nikajifanya sijamwona.

Mkaguzi akaweka simu yake juu ya faili, akainama kufunga kamba ya kiatu. Binti wa fundi akaichukua. Vidole viwili. Taratibu. Majini.

Hata Bi Chati mlangoni alisahau kufurahi.

"Imezama," binti akasema. Kisha kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Nilijua tu!" Na hapo bomba likafunguka. Akamwambia mkaguzi miwani yake itazama, tai yake itaelea kwanza, faili ni la kujaribu. Akamuuliza kwa nini ana nywele masikioni. Nililia. Nasema maji yalinirukia, lakini nililia.

Ripoti ya mkaguzi: lugha ya watoto, bora. Binti abaki. Maji, marufuku.

Jumamosi, tarehe 8
Barua rasmi imefika. Maji hayaruhusiwi darasani, uani, wala popote penye simu. Nikirudia, nahamishiwa stoo kuhesabu madaftari. Bi Chati ameniletea mwenyewe, anatabasamu. Mwalimu Mkuu ametuma ujumbe: anatumaini nimepata funzo.

Nimepata! Nimeisoma barua mara tatu, neno kwa neno. Imetaja maji. Barafu haikutajwa popote.

Nimeshaongea na muuza samaki. Jumatatu saa moja asubuhi, magunia mawili. Nimemwelekeza ayaweke darasani kwangu, kwenye mlango wa kwa Bi Chati, pana kivuli. Bi Chati mwenyewe hatatusumbua. Nimemwona akitandaza chati mpya sakafuni, chumba kizima.