Shada Kubwa Kuliko la Nanjundayya

Ijumaa, 17 Oktoba 1958, Bangalore

Nanjundayya tena! Gazetini, ukurasa wa kwanza, anacheka. Tulisoma fizikia darasa moja, akinakili hesabu zangu. Sasa kaomba kiwanja cha taasisi ya utafiti, kapewa. Kaomba jengo, kapewa. Taasisi imesimama, kilichobaki ni mkurugenzi. Jumatano wakubwa wa Delhi watakuja kutazama mitambo miwili ya kuhesabu miale ya angani, wake na wangu, kisha wachague. Lazima niwe mimi. Nisipokuwa mimi nitaugua.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimepita maabara yake, kwa bahati tu. Mtambo wake unahesabu tik, tik, bila hata kukohoa. Nikaona wivu. Akanipa kahawa, nikainywa nikihesabu tik zake. Na kahawa yenyewe tamu kuliko ya kwangu. Hata hilo!

Jumanne, 21 Oktoba. Ayudha Puja

Leo ni sikukuu, zana zote zinapumzika na kuheshimiwa: majembe, baiskeli, mitambo yetu. Fundi Muniyappa amepaka kila chombo manjano na kukivika maua. Shada la Nanjundayya limezidi langu kiganja kizima! Nimepima. Muniyappa anaapa yametoka kapu moja. Mwongo.

Nikakimbilia soko la maua, nikarudi na shada la kuvikwa tembo wa hekaluni, limeloweshwa lisinyauke. Mke wangu Rukminamma, aliyeleta vitamutamu, kauliza mtambo unaozwa lini, maana yeye tangu harusi hajaona hata ua moja. Nimemwambia haelewi sayansi. Nanjundayya naye kapita, eti, ndugu yangu, hilo linachuruzika, na chini kuna umeme. Limemuuma! Nikamjibu wivu si kitu kizuri.

Jumatano, 22 Oktoba

Asubuhi wakubwa wakapanga mstari, maua yakiwa bado juu ya mitambo. Wake: tik, tik. Zamu yangu. Nikabonyeza swichi.

Pa! Moshi. Harufu ya asumini iliyoungua. Giza jengo zima. Mkubwa mmoja wa Delhi akauliza gizani kama hiyo ndiyo miale yenyewe. Walicheka, Muniyappa akakaa chini kabisa kushika mbavu.

Mkurugenzi ni Nanjundayya. Nimejifungia chooni nikalia. Akaja kugonga: toka bwana, kazi hii siiwezi peke yangu, uwe naibu wangu. Kwa upole! Huo upole wake ndio unaoniua.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimekubali unaibu. Nimelala, nimetafakari, kosa langu nimeliona: shada lilikuwa dogo mno. Mtu akishindana na Nanjundayya asibane mkono.

Leo mkurugenzi kapanda mche wa mfenesi uani, makofi yakalia kama kagundua jua. Mche! Haumfikii goti. Nimeagiza mfenesi mzima, na mafenesi yake juu, uje Jumamosi kwa lori. Dereva anasema lango la taasisi ni jembamba, mti hautapita. Nimemwambia aje na nyundo.