Chumba cha Mtu Atakayefaa

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa jengo, uani, saa kumi jioni. Tumetoka kukaa siku nne bila umeme na watu bado wana hasira kama waliodhulumiwa urithi. Mwenyekiti wetu ni Mkunga, mstaafu, aliyezalisha nusu ya mtaa huu. Humtazama mtu mzima kama anayekumbuka alivyokuwa uchi. Alitangaza kwamba chumba cha mlinzi, pale chini karibu na lango, kiko wazi tangu mlinzi ahame. Mwenye jengo amekubali kitumiwe na mkazi mmoja. Kamati imeamua apewe yule ambaye kazi yake itatufaa zaidi siku dunia ikisambaratika. Kura Jumapili.

Chumba! Mlango. Dirisha. Kitasa!

Nimelala kwenye kochi la binti yangu miaka sita. Kabla ya hapo, miaka ishirini na mitano ya mikeka, mabweni na pembe za vyumba vya watu. Tangu mji wetu uanguke sijafunga mlango ulio wangu. Hapa nasubiri kwanza mkwe amalize kutazama mpira ndipo nitandike. Huniambia nilale tu, baba, nisimjali. Nitalalaje naye amekalia mto?

Watu wakaanza kujinadi papo hapo. Wakala wa bima alisema siku ya maafa ndiyo siku yake. Walicheka mpaka akaketi. Msusi wa ghorofa ya pili alisema dunia iishe isiishe, nywele zitaendelea kuota. Hoja nzito, nimeiandika pembeni. Kijana anayefundisha kompyuta alisema anajua pia kuendesha baiskeli.

Halafu Gundi. Fundi viatu, mzee wa rika langu, analala jikoni kwa mwanawe. Alinyanyua mguu tu, akatuonyesha soli. Watu wakapiga makofi! Kwa soli!

Zamu yangu nikasimama. Nikasema nilikuwa karani wa masjala ya vizazi na vifo, miaka ishirini na miwili, bila faili hata moja kupotea. Mama mmoja akauliza kwa upole kama kuna kitu chochote ninachojua kutengeneza.

Nitatengeneza. Wataona.

Jumanne, 4 Machi

Sabuni! Nani ataishi bila sabuni? Nilisoma zamani jinsi inavyopikwa kwa majivu na mafuta. Nilisubiri binti na mkwe waende kazini, nikachukua sufuria kubwa, nikaanza.

Saa sita: uji wa kijivu. Saa nane: uji wa kijivu, ila sasa unanuka. Saa tisa: nilijaribu usafi wake kwenye shati la mkwe. Shati limebadilika rangi, kwa upande mmoja tu.

Binti alirudi saa kumi na moja. Ile ilikuwa sufuria ya harusi yake. Nilimweleza kwamba nafanya haya kwa ajili ya siku ambayo maduka yote yatafungwa. Akanijibu kwamba siku hiyo atahitaji sufuria, na sasa hana. Halafu akaketi, akacheka, akafuta macho. Akaniuliza, "Baba, kwani hapa kwetu tunakubana?"

Nikasema hapana, mwanangu, hata kidogo. Tulikuwa tumekaa wote wawili kwenye kitanda changu, yaani kochi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo upelelezi. Nilikata soli ya kiatu changu cha kushoto kwa kisu cha mezani, nikampelekea Gundi pale langoni anapofanyia kazi. Nia yangu: kuona kama kweli ni fundi au ni maneno ya watu.

Alikigeuza mara moja. Akasema, "Karani, hiki kimekatwa kwa kisu." Nikasema nilikanyaga kitu. Akasema basi nilikanyaga kitu chenye mpini. Hakuuliza zaidi. Alishona huku akipiga mluzi, dakika kumi na mbili, nimezihesabu. Kiatu sasa ni kizima kuliko cha kulia. Natembea nimeinama upande.

Niwe mkweli, maana hiki ni kitabu changu na hakuna anayekisoma. Mimi ndiye pekee katika jengo hili niliyewahi kuiona dunia ikisambaratika. Wengine wanaisimulia kama sinema. Najua ilivyokuwa. Wiki ya kwanza wafalme walikuwa wenye magari. Ya pili, petroli ilipokwisha, wenye baiskeli. Ya tatu sote tulitembea, na mfalme akawa mtu mwenye viatu vizuri. Nilimwona hakimu wa mji akimpigia magoti fundi viatu kando ya barabara. Jambo hili sitalisema mkutanoni.

Na mimi? Asubuhi ile tuliyokimbia nilipitia ofisini. Watu walibeba magodoro, redio, mbuzi. Mimi nilibeba rejista ya vizazi, buku moja tu kati ya tisa, lililokuwa karibu na mlango. Nililibeba siku kumi na saba. Kule kambini watu wenye majina yaliyomo humo walikuja kuthibitisha kwamba walizaliwa. Walipata karatasi zao, watoto wao wakaingia shule. Wale wa mabuku mengine walinitazama kana kwamba nimewanyima mama.

Kubeba daftari si ufundi. Ni uzembe wa kutobeba godoro.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata wazo! Tatizo si kazi yangu. Tatizo ni kwamba hakuna maafa. Mganga hasifiwi kijijini penye afya.

Nyuma ya ngazi kuna koki kuu ya maji ya jengo zima. Ukiifunga, nyumba zote kumi na nne zinakauka, isipokuwa bomba la uani ambalo liko upande wa pili wa koki. Watu wote, bomba moja! Vurugu! Matusi! Ndipo karani anatokea na daftari, namba na foleni. Jioni nafungua koki, nakuwa shujaa, Jumapili nachaguliwa.

Hakuna atakayeumia. Ni maji ya siku moja tu. Nimepigia daftari jipya mistari, kwa rula. Nyumba, jina, ndoo, saa. Mkono wangu haujasahau.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kufua nguo, ndiyo maana nimeichagua. Koki ilifungwa asubuhi bila shida. Baada ya nusu saa jengo zima lilikuwa uani na madumu. Wakala wa bima alimsukuma msusi. Msusi akamwambia ajaribu tena aone atakavyonyolewa. Raha iliyoje!

Nikatokea na meza ndogo. Nikapaza sauti ya ofisini, ile ambayo sikuwa nimeitumia kwa miaka thelathini na moja. Mmoja mmoja! Jina, nyumba, ndoo ngapi! Na, Mungu wangu, walitii. Kwanza mama mmoja wa ghorofa ya nne mwenye mtoto mchanga, halafu wazee, halafu wengine kwa namba. Sijamwambia mtu kwamba nilitamani foleni isiishe.

Doa lilikuwa moja. Gundi. Alipoona mama wa mtoto mchanga hawezi kupanda na ndoo, akambebea. Ghorofa nne. Akarudi, akabeba nyingine. Magoti yake yanalia kama kitanda kibovu na bado anapanda. Kujipendekeza waziwazi! Msusi alimwambia, "Mzee Gundi, utatufia kwenye ngazi." Akajibu kwamba akifia kwenye ngazi wamwagie maji yaliyomo kwenye ndoo, yasipotee bure.

Doa la pili: nyumba namba tisa haikuja kuchota. Mstari mzima mtupu. Unaharibu ukurasa.

Saa kumi na mbili jioni nilikwenda kufungua koki. Mpini ukazunguka. Ukazunguka tena. Kisha ukabaki mkononi mwangu.

Jumapili, 9 Machi

Maji bado. Foleni tena asubuhi. Sikufurahi kama jana. Mama wa mtoto mchanga alishuka mwenyewe, macho mekundu, nepi za siku mbili begani. Akaniambia, "Asante babu, bila wewe tungepigana." Nilitazama chini nikaandika ndoo zake mbili. Nilitamani aniite jina lolote lingine.

Mkunga aliomba kuona daftari, ajue mama yule amepata maji kiasi gani. Akateremsha kidole ukurasa mzima. Kikasimama. Akauliza, namba tisa hawakuchota jana? Nikasema ndiyo, na nilikubali kwamba mstari ule unachukiza macho. Akauliza, na leo? Nikasema na leo.

Alipanda ngazi mbio, mwanamke wa miaka sabini, na Gundi nyuma yake. Namba tisa anaishi mwalimu mstaafu, peke yake, mtu asiyesikia vizuri na asiyependa kugongewa. Walivunja mlango. Alikuwa sakafuni bafuni tangu Ijumaa jioni, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Anazungumza. Wamempeleka hospitali. Mkunga anasema angekaa hivyo hadi kesho, tungezungumza habari nyingine.

Ukurasa wenyewe ulichafuka kabisa, maana walishika daftari kwa mikono yenye maji.

Saa kumi, mkutano. Fundi bomba alikuwa ameshakuja, akarekebisha koki, na kuuliza ni mwendawazimu gani aliyeikaza namna ile. Mkunga akasimama na daftari langu mkononi. Alitaka kuwaonyesha watu ule mstari mtupu uliomwokoa mwalimu. Moyo wangu ukapanda. Akafungua. Ila alifungua ukurasa wa kwanza.

Sasa nieleze. Miaka ishirini na miwili masjala nilifundishwa kwamba jambo lisiloandikwa halikufanyika, na daftari jipya huanza na taarifa ya ufunguzi. Kwa hiyo jana niliandika, kwa mwandiko safi, na Mkunga akaisoma kwa sauti yake ya wodini:

"Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Koki kuu imefungwa. Imefungwa na: Karani. Sababu: maandalizi."

Sahihi yangu. Tarehe. Nilikuwa nimepigia mstari.

Binti yangu akafunika uso. Gundi ndiye aliyeanza kucheka, akashika ubavu, akasema ameishi miaka mingi lakini hajawahi kuona mwizi anayeacha stakabadhi. Watu wote wakafuata. Yule mama wa mtoto mchanga hakucheka. Nilimwendea mbele ya wote, nikamwomba radhi. Akasema nepi zote kumi na saba nitazifua mimi. Nikasema sawa mama.

Kura zikapigwa kwa vikaratasi. Gundi ishirini na sita. Msusi tano. Mimi mbili. Moja nilijipigia mwenyewe. Sasa, nyumbani kwetu tuko watu wazima watatu, kwa hiyo mtu angeweza kupiga hesabu. Nimeamua kutoipiga.

Jumanne, 11 Machi

Nepi zimekauka. Kumi na saba, nimeziorodhesha.

Gundi amehamia chumba cha mlinzi. Nilipita mara nne bila kutazama ndani. Kuna rafu. Dirisha linaangalia lango. Alasiri jua huingia hadi ukutani.

Mkunga alikuja kuniona, akaketi kwenye kochi bila kukaribishwa, juu ya mto. Alisema bado ana hasira na mimi na itamchukua muda. Halafu akasema kamati inataka daftari liendelee. Majina ya wote, nani anaishi peke yake, nani ana dawa za kila siku, nani ana mimba, nani hajaonekana tangu jana. Kwamba jengo hili lina watu hamsini na wanane na hadi Jumamosi hakuna aliyekuwa anajua hivyo. Kwamba umeme ukikatika mwezi mzima, jambo la kwanza atakalotaka mkononi si nyundo. Meza itawekwa dirishani katika chumba cha Gundi, na Gundi mwenyewe ndiye aliyeitoa nafasi. Nifike kila asubuhi.

Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini kwa kweli! Kuandika majina! Hiyo nayo ni kazi? Dunia imesambaratika, watu wanalia njaa, na mimi nauliza, je, jina lako linaandikwaje? Wamenionea huruma. Wamenipa kitu cha kunishughulisha, kama mtoto anavyopewa mfuniko agonge.

Nimekubali kwa sababu ya dirisha.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya pili mezani. Watu thelathini na mmoja wameandikwa. Wanachelewa kuondoka, wanakaa, wanasimulia walikozaliwa ingawa safu hiyo haimo. Nimelazimika kuiongeza. Mama wa mtoto mchanga alimleta mtoto aandikwe wa kwanza ukurasa wake, akasema mtoto hana kinyongo, yeye ndiye anacho. Mwalimu ameagiza kutoka hospitali kwamba jina lake nimelikosea herufi moja. Kelele tupu, siwezi hata kufikiri.

Gundi hutoka saa sita kwenda kununua nyuzi. Leo kabla ya kutoka alinitupia kitu mezani. Ufunguo. Alisema si haki mtu afanye kazi ndani ya chumba asichoweza kukifunga. Nikabaki peke yangu. Niliinuka, nikafunga mlango, nikazungusha ufunguo. Nikafungua. Nikafunga tena. Sijui nilirudia mara ngapi. Hilo sikuliandika daftarini.

Kisha nikaketi na akili ikanirudia. Nusu ya chumba si chumba! Na nimegundua nilipokosea. Sabuni ni ujinga, maji ni ya kila mtu. Siku dunia ikiisha, kitakachowaumiza watu kuliko vyote, na ambacho jengo zima hakuna anayekijua, ni meno. Mng'oa meno! Nani atathubutu kumnyima chumba kizima mng'oa meno?

Nimesoma kurasa sita za kitabu cha tiba na picha zote. Koleo nimelipata rafuni, la Gundi mwenyewe, zuri, lina meno madogo ndani kama lilitengenezwa kwa kazi hii. Na bahati haiji peke yake: alirudi saa saba ameshika shavu, analalamika gego la chini.

Nimemwambia aje kesho saa mbili, kabla ya foleni ya majina. Anadhani nataka kumwandika.