Hisia za Kesho, Zimeandikwa Leo

Jumatatu, 5 Mei
Mama amenipokonya simu! Kosa langu? Bibi aliniambia kwamba atapasuliwa jicho wiki ijayo, nami nikamjibu, "Hongera," bila kuinua uso. Shangazi, mshauri wa wanafunzi, ametoa hukumu: kila siku niandike daftarini ninavyohisi. Ijumaa jioni, kila neno likiwa la kweli, simu ni yangu. Pakiwa na uongo, anapewa mdogo wangu Kipaza mpaka shule zifungwe. Kipaza ameshaniuliza neno la siri. Fisi huyo!

Jumanne, 6 Mei
Mfuko wa suruali unatetemeka. Natia mkono: hamna kitu. Unatetemeka tena! Nimeandika, "Njaa." Shangazi amesema njaa ni ya tumbo, yeye anataka ya moyo. Nimesahihisha: "Moyo una njaa."

Jumatano, 7 Mei
Akili ni mali! Kuhisi kila siku kwa nini? Nimeziandika zote kwa mkupuo. Leo: upweke. Alhamisi: "Nimemfulia mama mapazia yote kwa furaha." Ijumaa: "Nimezungumza na bibi saa nzima, nikaguswa moyoni." Nimemaliza kabla ya chai. Sasa napumzika.

Alhamisi, 8 Mei
Balaa! Kipaza amelisoma daftari mezani kwa sauti, pamoja na ya kesho. Nilijitetea kwamba ule ni mpango kazi. Mama akasema vyema, basi utekelezwe wote, la sivyo simu nimeiaga. Mapazia yote! Nyumba yetu ina madirisha manne, lakini mama ni mpambaji wa kumbi za harusi. Thelathini na mawili! Kipaza alisimama juu ya beseni akipiga kelele, "Kaka, tabasamu! Umeandika kwa furaha!"

Ijumaa, 9 Mei
Zamu ya bibi. Kipaza alikaa mlangoni na saa ya ukutani mapajani. Bibi akaniomba nikae upande wa jicho zima, apate kuniona. Akasema haogopi kisu; anaogopa bandeji ifunguliwe, giza liwe lile lile, watu waseme pole na kuondoka. Nikamshika mkono. Kipaza akatangaza kwamba saa imetimia. Nikamwambia atuondokee. Tulikaa mpaka bibi akasinzia.

Nilitoka nikipangusa pua kwa mkono wa shati. Shangazi aliniuliza hiyo inaitwaje. Nikasema mafua. Akamwambia mama kwamba daftari lote limekuwa kweli. Simu hii hapa! Kipaza amenuna kama chura.

Jumamosi, 10 Mei
Nimepata funzo kubwa: hisia zinataka maandalizi. Nimeshaandika za Juni nzima. Tarehe kumi na mbili nitajuta sana, lakini asubuhi tu. Mchana nina mechi kwenye simu.