Dola Zangu na Dagaa za Teodora

Alhamisi, 3 Julai
Winnie karamba kalamu yangu. Mdomo bluu, anacheka, meno mawili! Mrembo wa mama. Nitamfuta baadaye, nina jambo kubwa.

Redio imesema Benki Kuu imeshusha riba. Shemeji Nestory, fundi simu mwenye cheti, kanifafanulia. Riba ikishuka, wageni walioweka pesa hapa wanaona faida ndogo, wanazihamishia kwingine. Wakiondoka wanataka dola. Basi shilingi inaporomoka, dola inapaa. Nikamuuliza mbona yeye hanunui. Akasema yeye ni mtaalamu, si mfanyabiashara.

Ijumaa, 4 Julai
Mtaji wangu wote wa dagaa umekuwa dola! Mume wangu Luhaga hajui. Utamu wa zawadi ni kushtukiza.

Teodora, jirani yangu wa meza pale soko la Mkuyuni, kajaza magunia. Akaniambia mdogo wangu, mbalamwezi inakuja, dagaa hazitafuata taa za wavuvi, mitumbwi haitatoka, weka akiba ya dagaa. Maskini. Riba yenyewe haijui.

Jumanne, 8 Julai
Dola imeshuka. Nestory kasema wageni hawajapata habari. Wanakaa mbali.

Alhamisi, 10 Julai
Mwezi mpevu. Ziwani hakuna taa hata moja. Kilichopaa ni dagaa!

Nestory sasa ndiyo anakumbuka kuwa shilingi hubebwa pia na dhahabu na watalii, na kwamba riba yetu hata ikipungua kidogo bado inamvutia mgeni. Mbona hukusema? Eti sikuuliza.

Teodora kanitania: Mama Winnie, nipimie kisado cha dola nikakaange. Soko zima likaangua kicheko. Meza yangu nyeupe. Nyumbani ugali na mlenda, jana na leo.

Jumapili, 13 Julai
Nimemwambia Luhaga. Hakufoka, ndiyo mbaya zaidi. Atarudisha dola duka la kubadilishia fedha kwa hasara, kisha atauza mbuzi wake wa Magu kujazia mtaji. Kaniapisha: dagaa tu. Nimeapa, na machozi juu.

Jumatatu, 21 Julai
Giza limerudi, dagaa bwerere. Nimekabidhiwa mtaji. Nikapita kwanza duka la fedha, kuangalia tu. Jamani, dola imezidi kushuka! Kumbe kosa langu lilikuwa kununua ikiwa ghali. Sasa ni ya kutupa, na wale wageni lazima habari imeshawafikia. Nimezoa dola zote ambazo mtaji wangu ulitosha.

Luhaga anaita nje, Mama Winnie, baiskeli tayari, lete hela twende mwaloni tukachukue dagaa. Nitamwambia tu kwamba leo dagaa zimeadimi— Yuko mlangoni!