Mama Watoto, Fungulia Redio

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya tisa bila Mama Watoto. Nimejipikia uji. Uji umeshika sufuria, nami nimeshika kichwa. Lakini mwanamume kama mimi hashindwi na uji. Nimeukwangua kwa kijiko mpaka ukasalimu amri.

Kosa langu ni nini hasa? Mchezo wa redio ulikuwa unafika mwisho. Miaka miwili anaufuatilia, kila Jumamosi saa tisa, mkono shavuni. Mjane yuko mahakamani, hakimu anakohoa, anataka kutamka hukumu. Mimi, kwa wema tu, nikaanza kumweleza yatakayotokea. Nilipomaliza, redio ilikuwa inatangaza sabuni. Akanitazama. Akasema tangu nimuoe hajawahi kusikiliza taarifa ya habari ikafika hali ya hewa. Akafunga kibegi, akaenda kwa binti yetu mkubwa. Redio kaiacha!

Simu zangu hapokei. Lakini namjua: huko nako redio iko wazi toka kuche mpaka kuchwe. Basi dawa nimeipata. Nitaingia ndani ya redio. Atanikimbilia wapi?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Fundi saa wa mlango wa pili kasomwa tena kwenye Barua za Wasikilizaji. Mara ya tatu mwaka huu! Kaandika mistari miwili akishukuru kipindi cha ufugaji wa nyuki. Huyu mtu hana hata nzi. Kutwa anapita mbele ya mlango wangu akikohoa kwa majivuno.

Mimi nimeandika kurasa sita. Mwandiko wangu ni mkubwa, unaonekana toka mbali. Nimeipeleka barua mwenyewe kituo cha redio. Askari wa getini kanionyesha sanduku la barua. Nikamwambia barua hii si ya sandukuni, mpe yule bwana mwenye sauti nzito anayesoma habari za saa mbili. Akauliza inahusu nini. Nikaanza kumweleza. Zamu yake ikaisha nikiwa ukurasa wa kwanza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Akili yangu haijazeeka. Kuna matangazo ya waliopotea saa sita mchana, na Mama Watoto hayakosi hayo, huwaonea huruma. Nimekwenda mapokezi. Dada wa pale kauliza nani kapotea. Nikamwambia mzee mmoja, mrefu kiasi, mtanashati, meno yote isipokuwa machache. Kauliza alionekana wapi mara ya mwisho. Nikasema hapa, sasa hivi. Akaweka kalamu chini.

"Babu, aliyepotea ni wewe?"

Nikasema ndiyo, lakini kwa mke wangu tu. Akasema fomu haina nafasi ya hiyo. Kisha akaniletea kiti, akanipa maji, akaniuliza polepole kama nakumbuka njia ya nyumbani. Nimerudishwa na askari kama mbuzi wa mtu. Majirani wote nje. Fundi saa kasimama kabisa aone vizuri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo sikutoka. Nimefungulia redio tangu alfajiri, naandika vipindi na namba zake za simu. Kazi ya kitaalamu.

Saa moja, habari. Hapo Mama Watoto huniwekea chai mkono wa kushoto bila kutazama. Saa nne, mapishi. Hubishana na mpishi kwa nyusi tu. Saa nane, kipindi cha watoto. Hucheka kabla watoto hawajacheka. Saa kumi, kilimo. Hulala, na ukizima huamka.

Taarifa ya habari nimeisikia yote, na hali ya hewa pia. Kumbe ni fupi hivyo. Nilikuwa na maoni mengi juu ya mvua. Nimeiambia sufuria.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeingia redioni! Fundi saa, baada ya kuringa sana, kanipa siri: piga kabla muziki wa kufungulia kipindi haujaisha. Kipindi ni cha kuku na maradhi yake. Mtangazaji kauliza ninafuga kuku wangapi. Nikasema mia mbili. Huwezi kufika redioni na sifuri. Daktari wa mifugo akaeleza ugonjwa wa kideri, nikamsahihisha.

Mara mtangazaji akasema, "Subiri kidogo, mzee. Kuna mama kwenye simu nyingine. Anasema sauti hii anaijua, na haina hata kifaranga."

Nikabana simu sikioni! Nikasikia, "Baba Watoto..." Ni yeye. Sauti ni ile ile. Furaha ikanipanda nikaanza kumweleza: uji, askari, kiti, fundi saa na majivuno yake. Nilipovuta pumzi, mtangazaji alikuwa anamshukuru mama kwa maneno yake mazuri yaliyowagusa wengi. Muziki. Simu ikakatika.

Maneno yapi?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mtaa mzima umesikia isipokuwa mimi. Muuza mkaa kaniona akafuta macho. Nimejishusha, nikaenda kwa fundi saa. Akanikalisha, akasema atanipa neno kwa neno. Akaanza, "Kasema hivi, Baba Watoto, mimi..." Nikamkatiza, yeye hatamki hivyo, huvuta mwishoni. Nikamwonyesha. Katika kumwonyesha nikakumbuka siku nilipomposa, nikaona ni haki aielewe habari hiyo tangu mwanzo. Nilipogeuka, alikuwa kaweka lenzi jichoni, anachokoa saa ya mtu. Kasema kipindi kitarudiwa kesho saa tano, nikasikilize mwenyewe.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeoga. Nimevaa shati la harusi ya binti. Betri mpya, dirisha nimefunga, mlango nimefunga, mdomo nimefunga.

Kuku wamepita. Daktari kapita. Sauti yangu nzuri mno, kama ya waziri, sikusema kitu. Halafu, "Baba Watoto..."

Siku kumi na tano, jamani. Ningenyamazaje? Nikamwambia naam, Mama Watoto, nipo, nyumba ni kubwa mno, rudi, nitanyamaza. Nimemweleza hilo la kunyamaza kwa urefu, lisimpite. Nilipomaliza, redio ilikuwa kwenye hali ya hewa.

Nimemjibu vizuri sana. Haijapata kutokea.

Kesho saa tatu kuna kipindi cha afya ya wajawazito. Namba ninayo. La kusema sitakosa.